Majamvi Tisa, Majamvi Matatu: Kisa cha Chama cha Sinema Kisiwani

Daftari letu halikuhesabu watu, lilihesabu majamvi. Hatukuwa na majamvi ya kwetu. Tuliyaazima msikitini kila tulipoonyesha sinema, na mzee anayeyatunza alitaka kesho yake tuyarudishe kwa idadi ileile, yakiwa yamekung'utwa mchanga. Kwa hiyo kila onyesho lilipomalizika mimi, nikiwa katibu, niliandika tarehe, filamu iliyoonyeshwa, lita za petroli na majamvi yaliyotandikwa. Niliandika kwa kuogopa kudaiwa tu.

Kisiwa chenyewe ni kimoja katika vile vidogo vya Zanzibar, na wengi wa wakazi wake wanaishi kwa dagaa. Jina lake nitalihifadhi, na majina ya watu vilevile, kwa sababu kisa hiki kina ugomvi ndani yake na waliogombana bado wanakutana dukani na msikitini. Mimi ni mtoto wa mjini niliyepelekwa huko kusomesha. Nimekulia katika hadithi za sinema za Mji Mkongwe: Majestic, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya kuungua kwa jengo la Royal lililokuwepo pale tangu miaka ya 1920, na Cine Afrique, na zile siku za zanana ambapo ukumbi mzima ulikuwa wa wanawake watupu. Bibi yangu alikuwa akizisimulia filamu za Kihindi alizoziona huko kana kwamba zilimtokea yeye. Nilipofika kisiwani nikakuta skuli ina projekta iliyofunikwa kitambaa, ikitumika mara mbili kwa mwaka, nikaona hapa pana jambo.

Chama kilikuwa na watu sita. Mwenyekiti alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke ambaye hakuna nyumba kisiwani asiyoingia bila kubisha hodi. Mwenye duka alishika fedha. Karani wa sheha, yaani mkuu wa serikali wa mtaa, alitusaidia barua. Kulikuwa na kijana wa jenereta, mimi, na mfasiri wetu, ambaye ndiye mwenye kisa. Hatukuweka kiingilio. Palikuwa na kopo la maziwa pembeni ya projekta, anayetaka kutia anatia, na mara nyingi lilitosha petroli. Hakuna aliyelipwa. Neno "kujitolea" tuliliandika kwenye barua zetu zote, tena kwa fahari.

Ya vibali niyapitie haraka, maana watu huniuliza. Zanzibar filamu za kuonyeshwa hadharani ziko chini ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 2003. Kununua diski dukani hakukupi ruhusa ya kuionyesha mbele ya kijiji. Sisi tuliwaandikia watengenezaji wenyewe, na wengi wa hapa kwetu walikubali bila malipo, mradi tuwaambie watu walicheka wapi na walinyamaza wapi. Sehemu hii ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, na haikuchangia lolote katika yaliyotokea baadaye.

Ukuta ndio uliotusumbua mwanzo. Onyesho la kwanza tulilifanya kwenye ukuta wa ghala la skuli, ulio upande wa kaskazini wa uwanja. Wazee wawili wakanyanyuka kabla ya nusu saa. Asubuhi mzee wa majamvi akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni: kwetu kibla ni kaskazini, na mmewakalisha watu juu ya majamvi ya msikiti, wameelekea kibla, wanatazama mwanamke anacheza. Hakusema haramu wala hakusema acheni. Alisema geuzeni. Tukageuza, tukahamia ukuta wa darasa lililo magharibi mwa uwanja, watazamaji wakawa wanaelekea machweo. Akaridhika. Sharti lake la pili lilikuwa tusianze mpaka watu watoke kusali isha, na hilo tulilishika mpaka mwisho.

Nimelieleza la kibla kwa urefu kwa sababu lilituletea shida nyingine ambayo sote hatukuitambua kwa miezi. Ukuta wa magharibi uso wake unatazama mashariki, na mashariki ndiko mwezi unakochomoza.

Sasa mfasiri. Filamu nyingi tulizopata zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, na hata zile za Kiswahili sauti yake ilipotelea kwenye mlio wa jenereta. Usiku wa pili au wa tatu kijana mmoja mvuvi, aliyekaa mbele, akaanza kuwaambia walio karibu nini kinasemwa. Walio nyuma wakapiga kelele: sema kwa nguvu! Mwenye duka akamletea kipaza sauti cha harusi. Tangu hapo mambo hayakurudi nyuma.

Ufundi huu haukuzaliwa kwetu. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda vibanda vya video haviendi bila mtu wao wa kipaza sauti. Wa kwetu hakuwahi kuwaiga. Nadhani hata hakuwasikia. Yeye alikuwa na lake. Mji wowote mkubwa kwenye filamu aliuita Darajani, kama sokoni mjini Unguja. Jambazi akiingia, alimtaja kwa tabia mpaka watu wakamgeukia mtu fulani kati yao na kucheka, na huyo mtu naye akacheka. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Nilimsikia mara kadhaa akitafsiri kinyume kabisa. Lakini alijua pa kunyamaza. Kulikuwa na filamu moja ambayo mama anafua nguo za mwanawe aliyekufa, dakika tatu nzima bila neno, na yeye akaweka kipaza sauti chini mchangani na kujifuta uso. Hakuna mwalimu angeweza kumfundisha hilo.

Tulionyesha kila Jumamosi. Jumamosi tuliichagua sisi wenye mishahara, bila hata kuijadili, kwa kuwa Jumapili hatuendi kazini.

Baada ya miezi mitatu hivi malalamiko yakaanza kuja, na yote yalihusu picha. Jumamosi moja kati ya kila nne picha ilipauka, sura za watu zikawa kama zimemwagiwa unga. Ilikuwa ni mbaamwezi: mwezi mpevu unatoka nyuma ya migongo ya watazamaji na kuupiga ukuta moja kwa moja, na projekta yetu haikuwa na nguvu ya kushindana nao. Tukaitisha kikao, tukaamua kitu kilichoonekana cha akili kabisa: wiki ya mbaamwezi tusionyeshe. Tuonyeshe kwenye kiza, picha iwe kali. Nani angepinga? Kikao kilifanyika Jumapili saa nne asubuhi nyumbani kwangu, na mfasiri hakuwepo. Hakuwahi kuwepo kwenye vikao. Tulishazoea, na baadhi yetu tulishasema kwamba kijana ana kipaji ila hana nidhamu.

Wiki mbili baadaye alikuja. Macho mekundu, nguo zina chumvi. Hakukaa. Akasema kama sinema zote sasa ni za kiza, basi tumpe elfu ishirini kila usiku anaokuja.

Mwenye duka akamwambia, "Sote tunajitolea hapa, ndugu yangu. Tukikulipa wewe, na huyu wa jenereta? Na mwalimu?"

"Nyinyi mshahara unaingia hata mkikaa mkaangalia sinema," akasema. "Mimi nikikaa, nimekaa."

Karani akataka kumtuliza, akatoa hotuba ndogo kuhusu moyo wa kujitolea na maendeleo ya kisiwa. Mfasiri alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akavaa ndara zake akaondoka. Mimi nilinyamaza. Nilidhani nimekaa katikati, lakini kwa aliyesimama mlangoni nilikuwa upande wa waliokaa.

Jumamosi iliyofuata tulimpa kipaza sauti mwanafunzi wangu bora wa Kiingereza. Alitafsiri sawasawa, kila neno mahali pake, kama anajibu mtihani. Katikati ya filamu mtoto mdogo akauliza kwa sauti, "Yule yuko wapi?" na watu wakaanza kukunja majamvi.

Hapo ndipo barza zikajaa maelezo. Wengine walisema dini: watu wameonywa. Hilo halikuwa kweli. Anayetunza majamvi ni mtu wa msikiti na aliendelea kutuazima. Wengine walisema simu, kwamba vijana wanaangalia vipande vyao kiganjani. Labda kidogo, ingawa simu zilikuwepo pia wakati uwanja umejaa. Wengine walisema filamu zenyewe, na hapa kila mtu alitaja anayoipenda. Sisi kwenye chama tulikuwa na jibu moja, mfasiri. Ameondoka ameondoka na watu. Nililiamini jibu hilo kwa sababu lilinipa mtu wa kumlaumu, na nililisema mara nyingi mpaka likawa kama limethibitishwa.

Likaja kuvunjwa na jamvi lililopotea.

Mzee alidai tumerudisha pungufu moja. Mimi nikadai tumerudisha yote. Nikachukua daftari langu nikaenda kwake baada ya alasiri, naye akatoa la kwake. Sikujua kama analo. Lilikuwa daftari la mistari la watoto wa skuli, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tarehe zake zilikuwa za mwezi wa Kiislamu. Tukaanza kusoma kwa kupokezana, mimi Jumamosi zangu, yeye miandamo yake. Aliyekosea nilikuwa mimi; jamvi lilikutwa kwenye stoo ya jenereta. Lakini tulipokuwa tunasoma nikasikia kitu. Tarehe zangu hazikuwa na mpangilio wowote: majamvi mengi, machache, machache, machache, mengi. Za kwake alipozisoma kwa sauti zilikwenda hivi: mwezi kumi na nne, yaani siku ya kumi na nne tangu mwandamo, majamvi tisa. Ishirini na moja, manne. Ishirini na nane, matatu. Mwezi sita, matano. Mwezi kumi na tatu, tisa tena.

Na haya yalikuwa ya miezi ya mwanzo, wakati mfasiri bado yupo na kila mtu anamsifu. Tangu tulipoamua kuonyesha kwenye kiza peke yake, hakuna usiku uliopita majamvi manne, na wiki mbili za kwanza za uamuzi huo alikuwa angali nasi.

Mzee akanitazama. "Mwalimu, kwani dagaa huvuliwa lini?"

Kwa asiyejua, kama nilivyokuwa mimi: dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri au za jenereta ndogo. Taa inawavuta dagaa pale tu ambapo bahari ni kiza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, na vyombo vinapumzika diko, pale pwani vinapoegeshwa, siku kadhaa. Kwa hiyo usiku wa kiza wanaume wameondoka tangu magharibi. Wanawake wako nyumbani lakini wanalala mapema, kwa sababu alfajiri vyombo vikirudi wao ndio wanaochemsha dagaa kwa maji ya chumvi na kuwaanika, na jua halingoji. Dagaa hao wakikauka hununuliwa mpaka na wafanyabiashara wa Kongo. Si shughuli ya mboga ya jioni, ndiyo fedha ya kisiwa. Majamvi yetu matatu ya usiku wa kiza yalikuwa ya watoto, wazee, na sisi wenye mishahara.

Yaani tulizifuta zile nyakati ambazo kisiwa kipo nyumbani, tukabakisha zile ambazo kipo baharini. Na tulifanya hivyo kwa ajili ya ubora wa picha.

Madai ya mfasiri nayo yakageuka sura mbele yangu. Wakati tukionyesha kila Jumamosi, alikuwa akiacha bahari mara tatu kwa mwezi kwa ajili yetu, na usiku asiokwenda hana mgao. Hakuwahi kulitaja. Mara ya nne, ya mbaamwezi, ndiyo iliyokuwa tamu kwake: hapotezi kitu na uwanja umejaa. Tukamwondolea hiyo, tukambakishia zile za hasara na watazamaji wachache. Elfu ishirini aliyoiomba haikufika hata mgao wa usiku mzuri. Na vikao asivyokuja? Saa nne asubuhi mvuvi wa usiku amelala. Tungeweza kuwa tunaviita saa nane za usiku na kushangaa kwa nini muuguzi haji.

Nilitaka kumwandikia ujumbe wa simu siku ileile. Mzee akasema radhi haiombwi kwa simu, na akapanga yeye mwenyewe njia. Muuguzi alianza kwa mama wa kijana, akakaa naye muda mrefu, na sinema ikatajwa mwishoni, mlangoni. Mzee akaenda diko. Mimi nikaambiwa ningoje kuitwa. Niliitwa siku ya tatu, nikamkuta kijana anashona nyavu, nikasema niliyokuja kusema, na akaniuliza kama yule mwanafunzi wangu alipewa kipaza sauti kwa ridhaa yake au kwa fimbo. Tukacheka, na hapo ikawa imekwisha upande wake. Upande wa mwenye duka haikwisha upesi hivyo. Mpaka naondoka kisiwani bado aliamini kijana alitutishia.

Sasa picha. Tungeonyeshaje kwenye mbaamwezi? Mfasiri ndiye aliyelitatua, kwa sababu ni mtu anayejua mwezi uko wapi saa ngapi. Akasema ukuta usitazame mwezi, uupe kisogo. Upande wa mashariki wa uwanja kuna jengo jingine la madarasa, ukuta wake unatazama magharibi. Mwezi wa kumi na nne ukichomoza nyuma ya jengo hilo, saa mbili na nusu bado uko chini, na jengo lenyewe linatupa kivuli juu ya ukuta na juu ya majamvi ya mbele. Mpaka filamu inamalizika, saa nne na nusu, mwezi haujafika utosini. Tulipima kwa macho usiku mmoja bila kuwasha kitu, tumesimama tu uwanjani watu wanne tunatazama kivuli. Akatupa na mipaka: mwezi kumi na tatu mpaka kumi na sita. Kabla ya hapo mwezi unakuwa juu mno saa ya sinema na unavuka jengo mapema. Baada ya hapo unachelewa kutoka kwa kadiri ya dakika hamsini kila siku, kiza cha mwanzo wa usiku kinarefuka, na vyombo vinaanza kurudi baharini. Watazamaji sasa walielekea mashariki. Mzee alikagua, akatikisa kichwa kukubali.

Usiku wa kwanza majamvi hayakutosha na watu walileta mikeka yao. Picha haikuwa kali kama ya kiza, na hakuna aliyelalamika, kwani kipaza sauti kilikuwa mikononi mwa mwenyewe.

Nisijifanye kwamba tulitatua kila kitu. Harusi na ngoma nazo hupenda mbaamwezi, na mara mbili tulishindwa vibaya na bi harusi. Ramadhani tulifunga kabisa, masika vilevile. Tulihamisha vikao vikawa baada ya alasiri, na mfasiri akaingia kwenye kamati, akawa anahudhuria kuliko karani. Lakini lile swali alilotuuliza akiwa amesimama, je, mtu anayepoteza riziki kwa ajili ya chama alipwe au asilipwe, hatukulijibu. Tulilikwepa kwa kuhamisha tarehe. Maoni yangu mimi ni kwamba tulipaswa kumlipa tangu mwanzo, na kwamba mwezi ulitusitiri tu.

Tarehe za mwezi hazijui wikendi. Sinema ikaanza kuangukia Jumanne, Alhamisi, popote. Mwalimu mkuu akataka watoto wa skuli waondoke saa tatu. Mimi nikawa nasomesha asubuhi nikiwa na usingizi machoni, na mara moja darasa zima liliniona nikipiga miayo, mwanafunzi wangu bora wa Kiingereza akanitafsiria wenzake: "Mwalimu ametoka dagaa."

Mwezi wa tano wa mpango mpya, tarehe kumi na nne iliangukia Jumatano, na Jumatano mwenyekiti wetu ana zamu ya usiku. Akaleta hoja kikaoni, kwa aibu kidogo: yupo mwenzake wa kumshikia zamu, lakini anataka kitu. Je, kopo linaweza kutoa elfu kumi na tano?

Mwenye duka akatazama chini. Karani akaanza, "Sasa sisi sote hapa..." halafu akaacha.

Mfasiri alikuwa amekaa karibu na dirisha akichokonoa kucha zake. "Mpeni," akasema, bila kuinua kichwa.

Nikaandika: petroli, lita nne. Zamu ya muuguzi, 15,000. Majamvi, nikaacha wazi mpaka Jumatano.